Hoteli ya zamani Mbeya mjini: baba anataka chumba kilekile cha 1974. Nichukue kipi?

#1 MtotoWaKihesa
Habari zenu wakuu. Wazazi wangu walifunga ndoa Iringa Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1974. Kesho yake wakapanda basi hadi Mbeya, wakalala siku tatu kwenye hoteli ya kizamani pale mjini, ile yenye bustani mbele na varanda ndefu. Wenyeji mnaijua, jina siliweki maana mods hawataki matangazo wala lawama. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anasema mshahara wa mwezi mzima uliishia pale na hajutii hata senti.

Mwaka huu sisi watoto tumechanga tuwarudishe, tarehe zilezile. Shida ni kwamba mzee anataka chumba kilekile, na namba haikumbuki. Anakumbuka mambo matatu tu: palikuwa na mahali pa kuwashia moto ukutani, dirisha lilikuwa linaona mlima, na usiku alikuwa anasikia treni. Mama anasema treni ilitoka wapi, ile ilikuwa mvua kwenye bati. Wamebishana hilo tangu sijazaliwa.

Nimepiga simu mapokezi, binti akanijibu, "Vyumba vyote ni sawa tu kaka, tofauti ni bei." Waliowahi kulala pale: jengo la zamani au jipya? Mbele au nyuma? Mama goti linamsumbua.

#2 Kitonga_Kona_ya_Tatu
Naweka kambi hapa.

#3 Mwanjelwa Halisi
Mkuu, nimelala pale mara mbili kikazi. Chukua jengo la zamani, chini, mlango unaotokea varandani. Jipya ni vyumba vya kawaida, vigae chini, dari iko karibu na kichwa, unaweza kudhani uko gesti yoyote ya Kabwe. La zamani kuta ni nene, ukiweka mkono dirishani kiganja hakifiki nje. Sakafu ya mbao inalia ukiitembelea usiku, kwa hiyo mzee akiamka kwenda msalani nyumba nzima itajua.

Usichukue upande wa barabara. Bajaji zinaanza saa kumi na moja alfajiri.

#4 Ulanzi Mkavu
Baba yako muongo, kwa heshima zote. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa 1976. Mwaka 1974 alisikia treni gani Mbeya? Halafu stesheni yenyewe iko Iyunga huko, siyo mjini. Mama ameshinda kesi, fungeni uzi.

#5 BintiTukuyu
#4 taratibu na wazee wa watu. Ila kweli, hata mimi hiyo treni imenishangaza. Labda mzee alikuwa anakoroma na kujisikia mwenyewe 😂

#6 Fundi wa Reli Mstaafu
Vijana, 1976 ni mwaka wa makabidhiano, siyo mwaka wa reli kufika. Ujenzi ulianza 1970 Dar, na Agosti 1973 reli ilishavuka mpaka pale Tunduma kuingia Zambia. Kwa hiyo Agosti 1974 reli ilikuwa imepita Mbeya karibu mwaka mzima au zaidi, na treni za kazi zilikuwa zinabeba kokoto, mataruma na vyakula vya mafundi usiku na mchana. Abiria ndio hawakuwepo. Mzee hakudanganya.

#7 Ulanzi Mkavu
Shikamoo #6. Napokea. Lakini Iyunga mpaka pale hotelini ni mbali, masikio yake yalikuwa ya sungura?

#8 Mwalimu Fizikia
Hapo naomba niingie. Usiku wa Agosti Mbeya, mji ukiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ya chini inapoa kuliko ya juu. Sauti ikipanda inakutana na hewa yenye joto zaidi, inapindwa kurudi chini. Ndiyo maana usiku wa baridi na utulivu unasikia mbwa wa kijiji cha pili kana kwamba yuko uani. Mchana hausikii. Mwaka 1974 hapakuwa na bajaji wala baa yenye spika kubwa. Treni ya Iyunga kusikika mjini inawezekana kabisa.

#9 Mwanjelwa Halisi
Na mvua ya mama vipi, mwalimu? Agosti?

#10 Mwalimu Fizikia
Mvua ya Agosti Mbeya sijawahi kuiona na nimekaa miaka kumi na minne. Mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili au Mei. Mama naye atafute shahidi mwingine.

#11 Mkulima wa Isangati
Siyo mvua, ni mikaratusi. Jamani mnaoishi mjini hamjui? Mkaratusi ukikaa juu ya bati, upepo ukivuma usiku zile punje zake zinanyesha hasa, tak tak tak, halafu zinabingirika mpaka kwenye mfereji. Mgeni anaamka anatafuta ndoo ya kukinga maji. Muulize mama kama kulikuwa na mti mkubwa nyuma ya chumba.

#12 BintiTukuyu
#11 umenikumbusha bweni letu shuleni. Tulikuwa tunatoka nje kuanua nguo usiku, tunakuta nyota zimejaa.

#13 MtotoWaKihesa
Asanteni sana. #6 nimemsomea mzee ulichoandika kwenye simu, amekaa kimya kidogo halafu akasema, "Mwambie huyo bwana Mungu ambariki." Mama kachukua simu akasema yeye mvua aliisikia na hana la kuongeza. Kuhusu mti anasema ulikuwepo, lakini ulikuwa wa mbele.

Turudi kwenye chumba. Hivyo vya jengo la zamani vina mahali pa moto?

#14 Mwanjelwa Halisi
Nilicholala mimi kilikuwa nacho ila kimezibwa kwa tofali na kupakwa rangi. Wameweka juu yake runinga.

#15 Sokomatola Boy
Vilizibwa kwa sababu ya nyuki. Dohani isiyowashwa miaka mingi nyuki wanahamia. Mjomba wangu alikuwa mpishi pale zamani, anasema kuna siku wageni walikimbilia bustanini na mashuka.

#16 Kalamu Nyekundu
Mimi niliambiwa ni umeme. Hita zilipokuja, mwenye hoteli akaona kuni ni gharama na uchafu.

#17 Mpakani Tunduma
Nyuki na umeme vyote hadithi. Bomba la moshi likipasuka kwa ndani, moshi unaingia dari ya mbao. Nyumba nyingi za zamani ziliungua hivyo. Bima ndiyo iliyoziba, siyo nyuki.

#18 Sokomatola Boy
#17 bima ya nani? Mjomba alikuwepo, wewe ulikuwepo?

#19 Mama Watoto Watano
Nawaomba kitu kimoja, maana hoteli nyingi za huku Juni mpaka Agosti watu wanaomba jiko la mkaa waweke chumbani. Mleta mada, wazazi wako wakisikia baridi wakaomba jiko, kataa. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu, mtu analala haamki. Sisi tulinusurika. Nyumba ya wageni wilaya nyingine, siitaji, muhudumu mwenyewe ndiye alileta jiko, tukafunga madirisha tukiona ni ukarimu. Mtoto wa pili ndiye alianza kutapika, ndiyo tukafungua. Mpaka leo kichwa kile nakikumbuka. Ombeni blanketi la ziada, chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni, basi.

#20 BintiTukuyu
Pole sana dada. Hii ingewekwa juu kabisa ya uzi.

#21 Kitonga_Kona_ya_Tatu
Swali la mgeni: hivi hoteli yenyewe nani aliijenga? Wajerumani?

#22 Kalamu Nyekundu
Wajerumani, ndiyo. Angalia zile kuta.

#23 Mwalimu Fizikia
Kalamu Nyekundu jisahihishe kwa kalamu yako. Mbeya mjini ni mji wa Waingereza, ulianza 1927. Mjerumani makao yake huku yalikuwa Tukuyu, akapaita Neu Langenburg. Kuta nene siyo pasipoti ya Ujerumani.

#24 Sokomatola Boy
Ilijengwa kwa ajili ya wachimba dhahabu wa Lupa, kule Chunya. Dhahabu ndiyo iliyozaa Mbeya. Mzungu akitoka porini na vumbi lake anakuja kuoga, kunywa na kulala kwenye shuka. Mjomba alisema wazee walikuwa wanasimulia kuna waliolipa kwa dhahabu ya kupima.

#25 Fundi wa Reli Mstaafu
Sisi kazini tuliijua kama hoteli ya reli.

#26 Ulanzi Mkavu
Hoteli ya reli kwenye mji usio na reli? Mzee wangu, nakuheshimu, lakini TAZARA ya miaka ya 70 haiwezi kujenga hoteli ya mkoloni.

#27 Fundi wa Reli Mstaafu
Siyo TAZARA. Shirika la reli la mkoloni lilikuwa na mabasi na malori yake pia. Abiria alishuka kwenye treni ya Reli ya Kati pale Dodoma au Itigi, anapanda gari la shirika lilelile kupitia Iringa, au kupitia Chunya, mpaka Mbeya. Tiketi moja. Sasa abiria wa tiketi yako akifika usiku utamlaza wapi? Ndiyo maana ya jina.

#28 Mpakani Tunduma
Na ndege je? Miaka ya 30 ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza kwenda Afrika Kusini zilikuwa zinatua Mbeya. Zilikuwa haziruki usiku, abiria walilala chini njia nzima. Mimi naamini hizi hoteli za mtindo huu zilikuja kwa ndege kabla ya gari.

#29 Kitonga_Kona_ya_Tatu
Nimeuliza swali moja nimepata dhahabu, reli na ndege. Asanteni 😂

#30 Kamwene
Kamweneee. Mleta mada wewe ni wa Iringa, unapeleka wazee Mbeya kutafuta historia? Iringa tuna Boma la Mjerumani ambalo leo ni makumbusho, tuna Gangilonga, Kalenga na fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, Isimila na zana zake za mawe. Walale nyumbani, asubuhi mnawapeleka.

#31 MtotoWaKihesa
Kamwene. Mzee amefundisha historia hiyo miaka thelathini na mbili, Isimila anaijua jiwe kwa jiwe. Harusi ilikuwa Iringa, fungate ilikuwa Mbeya. Siwezi kuhamisha fungate.

#32 Kamwene
Hapo umenimaliza.

#33 Dada Mipango
Mimi nafanya kazi ya kupangia watu safari, ngoja niseme ya maana kabla uzi haujafika kwa Chifu Mkwawa tena.

Tarehe zako zina mtego. Nanenane ya kanda yetu iko pale viwanja vya John Mwakangale, tarehe 1 mpaka 8 Agosti. Wiki ile Mbeya hakuna kitanda. Hata gesti za Uyole zinajaa watu wa trekta na mbegu. Wengi wanaondoka tarehe 9 asubuhi. Kwa hiyo ukitaka kuingia tarehe 11 kama wazazi walivyofanya, uko salama, ila ulipie mapema. Usikubali "tumekuandikia kaka". Tuma nusu ya pesa, pata risiti ya mashine, na iandikwe namba ya chumba, siyo aina ya chumba. Ukiandikiwa "dabo" tu, utafika ukute wamewapa mtu wa matrekta aliyeongeza siku, nyie mnapelekwa jengo jipya ghorofa ya pili na goti la mama.

Uliza na haya: maji ya moto ni ya hita ya chumbani au ya tangi moja la wote? Kama ni tangi, wazee waoge jioni, asubuhi mmalizaji anapata barafu. Kama ni hita, umeme ukikatika jenereta lao linabeba hita au taa tu? Mara nyingi ni taa tu. Na bafu: majengo ya zamani yana sinki refu la kuogea la chuma, ukingo wake unafika gotini kwa mtu mzima. Mama atavukaje? Omba chumba chenye bafu la kusimama, au waweke kigoda.

#34 MtotoWaKihesa
Dada #33 ubarikiwe. Hilo la sinki la kuogea nisingelifikiria kamwe.

#35 Sokomatola Boy
Chukua upande wa kusini, unaona mji wote na bonde. Mandhari ya uhakika.

#36 Mwalimu Fizikia
Usimsikilize. Agosti jua letu liko kaskazini. Saa sita mchana kivuli chako kinaangukia kusini. Chumba cha kusini hakipati jua kutwa nzima, kuta nene zile zinakaa na baridi kama mtungi. Cha kaskazini dirisha linapigwa jua, ukuta unakunywa joto mchana na kulitema usiku. Ungekuwa unakwenda Desemba ningekuambia kinyume. Halafu mlima: Loleza uko kaskazini mwa mji. Mzee alisema dirisha linaona mlima. Hapo ameshakuambia upande.

#37 Ulanzi Mkavu
Aisee. Kumbe mzee ramani anayo kichwani.

#38 Sokomatola Boy
Hata kusini kuna milima. Siku ya anga safi Rungwe unaiona kule Tukuyu. Mzee hakusema mlima upi.

#39 BintiTukuyu
Rungwe kutoka Mbeya mjini kupitia dirisha la chini lenye bustani na ukuta? Labda upande juu ya bati, pamoja na zile punje za mikaratusi.

#40 Mkulima wa Isangati
😂😂 Agosti kwenyewe ni vumbi na moshi wa mashamba, Rungwe utaiona kwenye kalenda.

#41 Kalamu Nyekundu
Mleta mada, watasafiri na nini? Usije ukawapandisha basi la usiku.

#42 MtotoWaKihesa
Mzee anataka treni. Tuwapeleke Makambako kwa gari, wapande TAZARA pale, washuke Mbeya. Anasema safari hii atampandisha mama kwenye ushahidi wenyewe.

#43 Fundi wa Reli Mstaafu
Wazo zuri, na reli hapo inapita nchi nzuri. Ila mpigie mkuu wa stesheni siku ileile asubuhi, siyo wiki kabla. Treni inaweza kuchelewa masaa, na Makambako upepo wake mnaujua. Wazee wasikae nje kwenye benchi. Muwe na gari karibu. Ikishindikana mnaendelea na lami. Na wakifika Iyunga awepo mtu wa kuwapokea, kutoka stesheni mpaka mjini si pa kutembea na begi.

#44 Mpakani Tunduma
Au ndege Songwe, uwanja uko upande wa barabara ya Tunduma.

#45 Dada Mipango
Kutoka Iringa kwenda Mbeya kwa ndege upitie Dar? Mpakani, umelala vizuri?

#46 Mpakani Tunduma
Nilisahau wako Iringa. Naondoka kimya kimya.

#47 Mama Watoto Watano
Chakula. Hoteli za aina hii chai ya asubuhi ni mkate, yai na soseji. Wazee wetu hawashibi hapo. Waambie jikoni jioni wawapikie ndizi au uji wa ulezi, ukiomba mapema wanafanya. Na wali wa Kyela wauombe kwa jina.

#48 MtotoWaKihesa
Mrejesho. Jana nilikuwa Mbeya kikazi, nikapita mwenyewe.

Mapokezi walinipa kijana wa usafi anizungushe. Namba za vyumba zilibadilishwa walipofanya ukarabati, kwa hiyo hata mzee angekumbuka isingesaidia. Jengo la zamani upande wa Loleza kuna vyumba vitatu vyenye mahali pa moto, vyote vimezibwa. Nikamuuliza kijana kwa nini. Akasema, "Popo."

#49 Sokomatola Boy
POPO? Mjomba alisema nyuki.

#50 MtotoWaKihesa
Nimeandika alichosema. Nikampigia mzee kwa simu ya picha, nikampitisha chumba kwa chumba. Cha kwanza akasema hapana, mlango ulikuwa kushoto. Cha pili akasema huenda. Cha tatu mama akampokonya simu, akaomba nimwonyeshe kitasa cha dirisha. Ni kile cha shaba cha kuzungusha, kimepakwa rangi nyeupe mara nyingi mpaka kimenenepa. Akakiangalia muda mrefu. Akasema, "Kilikuwa kinakwama. Kizungushe." Nikazungusha, kikakwama.

Kijana akaniambia vya vyumba vyote vinakwama.

Mti wa mbele haupo, kuna kisiki bustanini, sikujua ni wa mti gani. Nimelipia chumba cha tatu, usiku wa tarehe 11, 12 na 13, namba imeandikwa kwenye risiti. Bafu ni la kusimama. Hita ipo ya chumbani, jenereta ni taa tu kama dada #33 alivyosema. Blanketi mbili za ziada wameahidi.

#51 Mkulima wa Isangati
Ungepiga picha kisiki mkuu. Ganda la mkaratusi halifichiki hata likioza.

#52 Mwalimu Fizikia
Na usiku wa kwanza mzee alale dirisha wazi kidogo, nusu saa tu, aone kama atasikia Iyunga.

#53 Mama Watoto Watano
Mwalimu, dirisha wazi Agosti Mbeya na mzee wa umri huo? Utakuja kumuuguza wewe?

#54 Ulanzi Mkavu
Treni yenyewe siku hizo itapita? Asije akakesha bure, mama akapata pointi.

#55 Fundi wa Reli Mstaafu
Nitauliza stesheni.

#56 Mgeni Mpya 07
Habari za humu. Hiyo hoteli vyumba vya mbele ni shilingi ngapi na vinaona mlima?